Karatasi ya munganga wa akili

Sidonie, uko wapi? Nimetoka sasa hivi kwa munganga wa akili hapa Kasongo. Umesoma vizuri, WA AKILI.

Ni shemeji Kitenge alinileta na pikipiki toka Kabambare, eti nasema peke yangu mu shamba. Dada, si naomba! Wewe na mimi hatuombi kwa sauti kila siku? Unajua anachotafuta: apate karatasi kwamba niko mwenda wazimu, nyumba ya marehemu mume wangu ibaki kwake.

Nilifikiri watanichoma sindano. Kumbe ni maulizo tu. Leo ni siku gani? Unalala? Unakula? Munganga akanipa maneno matatu niyashike: ndizi, mulango, mbuzi.

Halafu: "Mama, unasikia sauti ya mutu asiyeonekana?"

UNASIKIA SAUTI, dada! Niseme uongo mbele ya Mungu? Nikajibu: "Ndiyo. Ya Bwana."

Shemeji, ameketi pembeni, akatabasamu meno yote inje.

"Inakuambia nini?"

"Inaniambia nimusamehe huyu shemeji. Ni mimi ndiye sijakubali."

Munganga akaweka bic yake ya kuandika chini, akacheka. Akaniuliza yale maneno. Ndizi, mulango, mbuzi, yote nikasema.

Basi niko na karatasi yenye muhuri: akili iko nzima. Mu familia yao yote, ni mimi peke yangu niko na karatasi kama hiyo.

Sasa Kitenge anawasha pikipiki anirudishe. Njia iko murefu, nitajaribu kumusamehe.