Sauti zenye kilio cha Rukia sizifuti

Jumanne, Arua. Mvua imeanza tangu alfajiri. Nepi zimejaa kwenye kamba ya chumbani na hakuna hata moja inayokauka.

Nisameheni, nimekaa muda mrefu bila kuandika hapa. Wengine mlinitumia ujumbe kuuliza kama bado nipo. Nipo. Nina mtoto anayeota meno na kazi ya kuandika sauti za watu kwenye kompyuta, na vyote viwili vinanitaka kwa wakati mmoja. Leo naandika kwa sababu nina hasira, na sitaki ipoe kabla sijaieleza.

Kwa wasiojua: tunakusanya Kinubi, lugha yetu sisi Wanubi wa Arua na Koboko, huku Uganda. Watu wanazungumza, mimi nasikiliza na kuandika, kisha maneno yanaingia kwenye mkusanyo ambao mtu yeyote ataweza kutafuta ndani yake. Mkubwa wangu ni Bwana Musa. Ni mtu wa hapa hapa, amesoma, na haki yake nimpe: ndiye aliyenipa kazi wakati wengine walitazama tumbo langu wakasema nirudi baadaye.

Kuna siku alituletea mgeni kule Ediofe, hapa hapa Arua, akatuonyesha mkusanyo wa Kiskoti, lugha ya watu wa Uskoti. Mgeni aliandika neno lao la mtoto, bairn. Kompyuta ikatoa ndugu zake wote, kila mmoja na herufi zake, kama watu walivyoliandika kwao. Halafu ikaleta neno jingine kabisa, wean. Nalo ni mtoto. Akatueleza kuwa kompyuta haijui maana, inaangalia tu neno linakaa na majirani gani, na haya mawili yote yanakaa karibu na mama, na kulia, na kulala. Nilikuwa nyuma ya chumba namnyonyesha Rukia wangu, nikajikuta natabasamu.

Hakuna aliyefutwa.

Tukajaribu na kwetu. Nikaandika nyereku, mtoto. Ikaja nyereku, peke yake, bila ndugu wala neno jingine la maana hiyo, wakati sauti nyingi zilitoka Koboko. Bwana Musa alifurahi. Akasema unaona, Kinubi ni kimoja, Koboko na Arua wanasema sawa, kazi imekuwa rahisi.

Mimi sikufurahi. Mume wangu ni wa Koboko, na mama yake akimwita Rukia hasemi kama mimi.

Basi wiki iliyopita nikaenda Koboko, Rukia mgongoni. Mama Zainabu, mama mkwe wangu, aliwaita tena wanawake wale wale tuliowarekodi mwanzo. Walikaa barazani wanasuka makawa ya kufunikia chakula. Nikawasha simu wakiona, nikauliza maswali yangu. Walijibu vizuri, pole pole, Kinubi cha Arua kitupu. Kinubi changu.

Kisha Rukia akaamka, akalia, na wale wanawake wakanisahau. Huyu anambembeleza, yule anamtania kwamba masikio ameiba kwa babu yake, mwingine anamgombeza kwa kuvuta nyuzi. Nyerkuk hapa, nyerkuk pale, ndiyo nyereku ya kwao, na majina mengine ya mtoto ambayo sijawahi kuyaandika. Simu bado inarekodi.

Baadaye nikauliza kwa nini hawakuniambia haya tangu mwanzo. Mama Zainabu alinishangaa.

"Wewe natoka Arua, wewe mgeni. Mgeni napatia kiti, napatia chakula, nasema kama yeye nasema. Sasa huyu mtoto iko mgeni? Huyu iko wetu."

Heshima, basi. Kwa adabu tu walikuwa wamejificha ndani ya maneno yangu, nasi tukaiandika adabu yao kama ushahidi kwamba hawapo.

Niliwaeleza sauti zitakwenda wapi, wakakubali wote. Mmoja aliomba tu nitoe mahali alipomtukana kuku. Nimetoa.

Jana Bwana Musa alisikiliza. Akakunja uso. Kanuni inasema rekodi yenye kelele za mtoto haiingii, na ana sababu yake: pale Rukia anapolia maneno mengine hayasikiki. Akaniambia nifute zote, tubaki na zile safi.

"Mama Rukia, hii kazi na mtoto hapana patana. Kama wewe hapana weza, iko watu wengi nataka kazi."

Naihitaji kazi hii, sitadanganya. Na nimechoka mpaka kwenye mifupa. Kulikuwa na dakika nilitaka kufuta tu nirudi nyumbani nilale. Lakini mdomo ulinitangulia.

"Bwana Musa, kazi patia mutu mwingine kama unataka. Hizi sauti hapana toa. Ukitoa mtoto, umetoa Koboko yote."

Akasema baraza moja si Koboko. Kama kuna nyumba nyingine zinazosema hivyo, nilete. Kama hakuna, Ijumaa atafuta mwenyewe.

Sawa. Nitaleta.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaosoma, wa Koboko kwanza, na mliotoka huko mkaolewa Dadamu au Aroi. Nitumieni sauti ya mama anayemwogesha mtoto. Sauti ya shangazi anayelisha uji na mtoto anautema. Mwombeni ruhusa, wekeni simu pembeni, kisha msiulize swali lolote. Endeleeni na kazi zenu mpaka aisahau. Msikate kilio, msikate jogoo, msikate redio ya jirani. Msisahihishe neno. Niandikieni amekulia wapi, hiyo inatosha, jina si lazima. Sina bado bibi hata mmoja wa upande wa mpakani anayemlaza mjukuu. Sina watoto wakigombezwa kwa kumwaga maji. Sina baba anayembembeleza mwanawe, wala mmoja, na najua mnabembeleza mkiwa peke yenu. Hizo ndizo ninazotaka, kabla ya Ijumaa.