Mikanda Miwili ya Uzani Mmoja

Kazungu mdogo wangu,

Leo pia nimeshindwa kukaa. Nimefagia ua mara mbili, nimetoka hadi barabarani hapa kwetu Barani nikarudi, na sasa nakuandikia nikiwa nimesimama.

Nauwaza ule mwezi wa njaa yako. Ulikuwa bondia wa kilo sitini na moja, na katika uzani huo hapakuwa na bingwa aliyekubali kupigana nawe. Promota akaja na maneno matamu: ubingwa wa uzani wa unyoya uko wazi, shuka hadi hamsini na saba, mkanda ni wako. Ukawa unakimbia njia ya Dabaso na makoti mawili mwilini, jua la saa saba. Ukirudi nakupeleka kwa mnunuzi wa korosho, upande mizani yake ya magunia.

Asubuhi ya kupimwa midomo yako ilikuwa imepasuka.

"Dada, nipe funda moja tu la maji."

"Vumilia. Umebakisha kidogo."

Nikauficha mtungi. Nisamehe. Nilikuwa nimeshajigamba kwa wanawake wote wa sokoni.

Ulishinda kwa pointi. Watu wakakubeba mabegani. Kabla mwezi haujaisha, redio ikatangaza bingwa wa uzani huohuo: Mwinyi, kijana wa Mtwapa. Chama kingine cha ngumi, mkanda mwingine. Ukazima redio, ukaniuliza, "Sasa mimi ni nani?"

Wakasema mtapigana, apatikane bingwa mmoja. Ukashuka tena kilo zile. Vyama vikagombania nani asimamie, pambano likaahirishwa. Ukala, ukapanda, wakakuita, ukashuka. Likaahirishwa tena. Mara ya tatu ulianguka njiani na makoti yako. Daktari alisema ni figo. Tulikuzika wakiwa bado wanabishana.

Kuna jambo hulijui. Siku ya arubaini yako alikuja kijana mlangoni, akavua kofia.

"Shikamoo, dada. Mimi ndiye Mwinyi."

Nilitaka kumfukuza. Kisha nikayaona mashavu yake, yamebonyea kama yako ya siku zile. Akakaa ukingoni mwa mkeka, hakujua mikono aiweke wapi.

"Dada, niambie kweli. Angenipiga?"

"Angekupiga."

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Hata mimi nilidhani hivyo. Nilitaka tu tukutane tujue."

Nikampakulia wali na samaki. Akaisogeza sahani kando kidogo.

"Keshokutwa napimwa, dada."

"Kula," nikamwambia, na sauti yangu ikanitisha mwenyewe.

Akala. Alimaliza sahani nzima, machozi yakimtiririka, akaomba nyingine.

Pumzika, Kazungu. Mimi ngoja nitoke tena kidogo, nyumba imenibana.

Dada yako