Barua Niliyomsomea Baba

Montreuil, 6 Novemba

Dada Gundo,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, na nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Ile barua ya chuo cha soka, ulipokuwa na miaka kumi na sita, haikusema umekataliwa. Ilisema umechaguliwa, na Baba aweke sahihi kabla ya tarehe kumi na nne Mei.

Unajua barua zote za nyumbani nazisoma mimi, kwa kuwa Baba Kifaransa anakisema tu, hakisomi. Alinipa akiwa bado na sare ya kazi, wewe ukiwa mazoezini. Nikamwambia kwa Kisoninke, “Wanasikitika, nafasi zimejaa.” Kesho yake nikaichana chooni shuleni. Mwili wa Mama ulikuwa umesafirishwa kwetu Kayes kuzikwa miezi mitatu tu kabla. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na niliogopa kubaki peke yangu katika kile chumba chetu.

Sasa umeumia goti mara ya tatu katika timu isiyo hata na daktari, na nasikia hutacheza tena. Bado linauma? Unakula? Baba anakohoa, mengine salama. Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika.

Mdogo wako,
Maro

Lille, 29 Novemba

Maro,

Goti limevimba. Nakula anachoniletea jirani. Baba mchemshie tangawizi.

Barua yako niliisoma, nikaenda kliniki, nikarudi nikaisoma tena. Sasa naelewa kwa nini kocha Odile, aliyenipendekeza kule chuoni, aliacha kunisalimia. Alidhani tumeringa. Na Baba, yule aliyekuwa akisimama nyuma ya goli akimfokea refa, “Wewe, miwani umemwachia mkeo?”, hakukanyaga tena uwanjani. Aliniambia, “Mwanangu, hawa hawatutaki. Tafuta kazi.” Miaka minne amewachukia watu walionitaka.

Usiniombe msamaha, sina. Si wewe ndiye msomi wetu? Basi msomee Baba ile barua upya.

Dada yako,
Gundo

Montreuil, 10 Desemba

Dada,

Kikohozi cha Baba kimepungua. Natumaini uvimbe nao umeshuka.

Jumapili, tulipomaliza kula, nilimsomea kutoka kichwani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, “Ilikuwa na muhuri?” Nikasema ndiyo.

“Na jina lake waliliandika sawasawa?”

“Sawasawa, Baba.”

Akaenda kunawa mikono. Hakunipiga.

Leo asubuhi alivaa koti lake la Ijumaa, akasema, “Stesheni.” Nilimkatia tiketi ya kuja kwako, nikamwandikia kwenye karatasi jina la kituo na anwani yako. Akapanda, akakaa dirishani. Kupitia kioo nilimwona akimpa mama wa kiti cha pili ile karatasi amsomee. Yule mama akasoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Baba akamwashiria arudie.

Treni ilipoondoka nilikwenda shule. Nilichelewa kipindi cha kwanza, nikakaa nyuma.

Mdogo wako,
Maro