Neti Hukatika Karibu na Stoo

Nsambya, Kampala
Jumatano

Yaya wangu mpendwa Esperance,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe dada yangu mkubwa uliyenibeba mgongoni, pamoja na shemeji, watoto na wote wa pale nyumbani Butembo. Natumaini barua hii inawakuta na nguvu. Sisi huku tunapumua. Mvua inatuloweka, mtoto ameota meno ya mbele na sasa anamng'ata kila anayembeba. Mke wangu Reine hajui kama nakuandikia. Nimempa barua Mama Hortense, yule mfanyabiashara wa vitenge, kwa sababu ningekupigia simu ungempigia Reine palepale, nakujua.

Unajua kazi yangu ni kufunga waifai, hii neti ya simu isiyo na waya. Hii nyumba ya wageni tunamoishi ni ya Mzee Okullo, polisi mstaafu kutoka kaskazini. Sisi tuna chumba cha nyuma, Reine anawapikia wageni. Vile visahani vyeupe vya waifai vilivyo darini nilivifunga mwenyewe: kimoja mapokezi, kingine kwenye korido ya vyumba, kingine jikoni. Vyote nilivipa jina moja na nywila moja, ili simu ya mtu anayetembea ihame kutoka kimoja hadi kingine bila mwenyewe kujua. Nilijivunia kazi hiyo, Yaya, karibu niwaonyeshe wageni visahani kabla ya vitanda.

Basi, Reine akaanza kuongea na simu kwa sauti ya chini. Nikitokea tu, anatoka jikoni kuelekea stoo, na akifika kwenye mlango wa stoo maongezi yanakwisha ghafla. Nikimuuliza ni nani, ananiambia ni watu wa kanisa, na kwamba neti yangu imekata. Neti yangu! Niliyoifunga kwa mikono yangu ijue kukata mahali pale pale, wakati ule ule ninapotokea mimi? Nikasema moyoni, kikulacho ki nguoni mwako.

Dalili zikaongezeka. Wamama wa kanisa wakija kututembelea, wananyamaza nikiingia, halafu wananiangalia kwa huruma. Nilidhani ni ile huruma anayopewa mwanamume ambaye mtaa mzima unajua habari zake isipokuwa yeye. Siku moja nilifungua sanduku kutafuta shuka, nikakuta kitenge kipya kirefu, pamoja na shati la kiume lililoshonwa kwa kitenge hicho hicho. Mimi sikupimwa na fundi cherehani yeyote. Mzee Okullo naye, aliyekuwa akimwona Reine akiondoka na simu, akanimalizia kwa Kiswahili chake cha kambi ya polisi: “Fundi, mutu naongea, nakuona, nakata. Hiyo si neti. Hiyo ni kesi.”

Niliacha kula vizuri chakula cha Reine. Nilikuwa namchungulia kupitia dirisha la korido, mimi mtu mzima. Nilipanga kwamba mwisho wa mwezi nimrudishe kwao, nimwambie baba yake aje aniulize sababu. Hata nilipowapigia ninyi kumsalimu baba yetu, Papa, mkaniambia leo amelala, kesho yuko kwa daktari, keshokutwa hana sauti, nilikubali bila kuuliza. Wivu ulikuwa umenijaa kichwa chote.

Kilichonifungua macho ni mgeni mmoja, nesi aitwaye Abalo, aliyekuja kulalamika kwamba kila akitembea kutoka mapokezi kwenda kula, simu yake inakata kwenye mlango wa stoo. Nilitaka kubisha. Nikachukua simu yangu, nikampigia Mzee Okullo kwa neti ile ile, nikatembea njia ile huku nikiongea. Mlangoni pa stoo, ikakata.

Mganga hajigangi. Kisahani cha mapokezi nilikuwa nimekiwekea nguvu kamili ili kila mgeni akisifu, kwa hiyo simu zilikuwa zinakishikilia kutoka mbali, hata zikiwa karibu na kile cha jikoni. Ukuta mnene wa stoo ukikiziba, ndipo simu inakimbilia kile cha jikoni. Nacho, nilipokibadilisha baada ya radi, nilisahau kukiwekea mpangilio wa usalama, hakikufanana na vingine, kwa hiyo simu ilianza kujitambulisha upya kama mgeni na maongezi yakafa. Nikwambie ukweli, Yaya: nilikuwa tayari kuamini mke wangu ni malaya kuliko kuamini kazi yangu ni mbovu. Nimeona aibu kuiandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nikapunguza nguvu ya mapokezi, nikalinganisha mipangilio, kisha nikasimama ndani ya stoo kungoja kama itashika. Reine akatoka jikoni, mikono imejaa unga, simu ikiongea kwa spika. Hakuniona. Alipofika mlangoni hakuzima, maana alizoea pale huwa inazimika yenyewe. Haikuzimika. Nikasikia sauti yako, Yaya. Ulikuwa unamwambia avumilie hadi Jumamosi, kwamba baba mdogo Emile ameshapata karatasi za kuvuka, atafika na kukaa nami chini na kunishika mkono, na kwamba kaburi la Papa limeshawekwa saruji.

Papa yetu. Nilikaa juu ya gunia la mchele mpaka Reine akarudi jikoni.

Siwalaumu. Kwetu mtu hatangaziwi kifo kwenye simu, akiwa peke yake ugenini. Mliogopa ningepanda basi usiku ule ule, na njia ile haina usalama. Lakini inaniuma kwamba mmemzika bila mimi, na nitakuambia hivyo siku tukionana. Shati lile la kitenge ni la msiba, sasa najua ni langu. Na Reine amebeba kifo cha baba yangu mdomoni muda wote huu, akinipakulia chakula, huku mimi nikimtafutia mwanamume.

Kwa hiyo nakuomba, usimwambie Reine kwamba najua. Mwache baba mdogo aje. Nataka nishikwe mkono kama mtu mwenye ukoo. Nami, baada ya kulia, nilipanda ngazi nikarudisha mipangilio yote mibovu kama ilivyokuwa, ili mkiongea naye nikitokea, simu iweze kumwokoa. Jana ilikata tena mlangoni. Mzee Okullo amenitukana mbele ya wageni. Reine akaniambia neti yangu haifai, nami nikamjibu ni kweli, mke wangu, haifai kabisa.

Mbusu Mama kwa niaba yangu, umshike usiku asilale peke yake. Wasalimie wote wa uani. Mungu awatunze hadi tutakapoonana uso kwa uso.

Mimi mdogo wako,
Aristide