Unga Nilioupokea kwa Mikono Miwili

Mtoni, Ruvuma
4 Mei 2024

Mwanangu Aida,

Tumsifu Yesu Kristo. Usingizi umerudi? Kichwa je, kimepoa? Sisi tupo. Maji ya mto yameanza kushuka, mpunga umeinama na ndege wanatukosesha raha. Mgongo wangu ni uleule, usiuulize.

Barua hii nampa Mwalimu Faraja anayekuja mjini, maana simu yangu hupokei, na ukipokea unanyamaza. Basi nisome. Mzee wa ukoo tumemzika, na wazee wanataka mjomba wako Constantino akalie kiti chake. Ni ndugu yangu wa tumbo moja, sina mwingine. Lakini wamesema hakikaliwi kiti na mtu ambaye mpwa wake ana kinyongo naye. Kikao ni Julai.

Najua unachokishikilia. Asubuhi ile wale watu wa bunduki walipoingia kisiwani kwetu katikati ya mto, wewe na kaka yako Valdemar mlikuwa shambani, mtumbwi alikuwa nao mjomba. Akaondoka. Wewe ulijificha kwenye mpunga, Valdemar wakamuua. Lakini mjomba ameapa kwamba hakusikia mkimwita. Kwa milio ile ya risasi nani angesikia? Yaliyopita si ndwele, mwanangu. Hata huyo mshauri wako Gladness, kama ni Mkristo, lazima amekwambia bila kusamehe hutapona. Samehe upone, na sisi tupumue.

Mama yako


Chuno, Mtwara
13 Mei 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua imefika, na samaki wakavu wamefika, ahsante. Mwili mzima. Kazi ya kubangua korosho inaendelea, vidole vimekuwa vyeusi hadi Mariamu ninayekaa naye anakataa nimsukie nywele. Usingizi unakuja na kuondoka. Simu siipokei kwa sababu kuongea bado siwezi. Kuandika naweza.

Hilo la msamaha nilimuuliza Gladness mwenyewe. Nilimwambia, dada, nikisamehe ndiyo nitapona? Akanijibu kwamba wapo waliosamehe wakapona, wapo waliopona bila kusamehe, na wapo waliolazimishwa kusema "nimesamehe" wakarudi kwake hali imekuwa mbaya zaidi. Msamaha si dawa ya kumnywesha mtu kwa nguvu. Ukija, utakuja wenyewe, na utakuwa wangu. Kwa sasa tunaufundisha mwili wangu kwamba siku ile imekwisha. Bado pikipiki ikipasua mlio najikuta chini ya meza, korosho zimemwagika, wenzangu wananitazama.

Na mjomba tulimwita, mama. Tuliita mpaka sauti zikakauka. Niliona shingo yake ikigeuka. Ninyi mkaniambia ilikuwa hofu, sikuona vizuri, na mimi nikaanza kujiona kichaa.

Nakuomba kitu kimoja tu. Usimwelekeze mjomba ninapokaa.

Mwanao Aida


Mtoni, Ruvuma
3 Juni 2024

Aida wangu,

Mungu akuzidishie. Hujambo sana? Mimi leo hata mgongo umesahau kuuma.

Mjomba wako amerudi salama. Anasema umemwona, ukapiga goti, ukapokea unga wake kwa mikono miwili. Nilipiga vigelegele mpaka Theresia wa jirani akaja mbio akidhani kuna mtoto kazaliwa. Najua ulisema nisimwelekeze. Nimemwelekeza, kwa sababu mimi ni mama na najua kinachokufaa. Desturi unaijua: aliyekosa hubeba unga wa mtama hadi kwa aliyemkosea, na aliyekosewa akiupokea, shauri limekwisha. Wazee nimeshawaambia.

Kilichobaki ni uje kikaoni, usimame mbele za watu, useme neno moja, "nimesamehe". Halafu tutakula na kucheza. Nimekununulia kitenge, rangi ile uipendayo.

Mama yako


Chuno, Mtwara
8 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Leo sitauliza habari za mgongo.

Alikuja mchana, nafua nguo. Nikainua kichwa, huyo hapo mlangoni. Tangu nijue kutembea umenifundisha kwamba mjomba akikupa kitu unapiga goti, unapokea kwa mikono miwili, unashukuru. Basi magoti yalikunjika kabla akili haijafika. Mikono yangu ilikuwa na povu. Akaniwekea kifurushi, akasema, "Yamekwisha, mpwa wangu." Maji ya kunywa hakungoja. Nilipotambua nimeshika nini, bodaboda ilikuwa imeshaondoka naye.

Tangu hapo nalala chini ya kitanda. Mariamu ananisukumia uji hukohuko chini. Kazini siendi. Gladness alipoona sifiki kwake alikuja nyumbani, akakaa sakafuni karibu yangu, hakunihubiria chochote. Miezi yote hii nilikuwa najenga jambo moja, kwamba pale ninapokaa haingii mtu nisiyemtaka. Mmelibomoa kwa mchana mmoja, wewe na yeye.

Unga unarudi kwa mkono wa Mwalimu Faraja. Niliupokea kwa adabu, sikuupokea kwa moyo. Waambie wazee hivyo. Kikaoni siji. Na ukisimama kunisemea kwamba nimesamehe, hutaniona tena. Sikutishi, mama. Nitakuwa siwezi tu.

Mwanao Aida


Mtoni, Ruvuma
14 Juni 2024

Aida,

Salamu baadaye.

Unga unarudishwa? Tangu nizaliwe sijaona wala kusikia. Faraja wa watu kaukabidhi barazani, wazee wamekaa, na mimi nimeshika ufagio natafuta pa kuweka uso wangu. Mjomba wako kajifungia ndani. Huyo Gladness wako, mtu wa bara, anajua nini? Kwao mjomba ni wa kuonana naye Krismasi. Kwetu mjomba ndiye anayekuoza, ndiye anayekuzika.

Tena nani amekwambia uchungu ni wako peke yako? Valdemar nilimbeba mimi, nilimnyonyesha mimi. Kama mimi niliyemzaa nimesamehe, wewe nani wa kukataa? Utakuja kikaoni. Usipokuja, nitakusemea.

Zulmira


Chuno, Mtwara
20 Juni 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Naona safari hii umeweka jina tu, umama umeuacha huko. Nimelia, lakini nakujibu.

Umeandika kwamba umesamehe. Mjomba anakula kwetu tangu afiwe na mkewe. Lakini tangu msiba wa Valdemar hujampa sahani kwa mkono wako. Unaipakua, unaiweka chini, unamwita Theresia aipeleke. Mjomba akikaa barazani, wewe unakumbuka kuni. Wahenga walisema mtenda husahau, mtendewa hasahau. Sikulaumu hata kidogo. Nakuuliza tu, na unijibu mimi, si wazee: ulimsamehe lini?

Mwanao Aida


Mtoni, Ruvuma
29 Julai 2024

Mwanangu Aida,

Unalala? Unakula? Nijibu kweli, usinijibu kwa adabu.

Barua yako nimekaa nayo zaidi ya mwezi. Kwanza nilikasirika. Nilisema huyu mtoto mjini kamharibu, anachunguza hadi sahani zangu. Mjomba wako alipokuja kula, nikabeba ugali nimpe mwenyewe, ili nikuandikie kwamba umenisingizia. Nilifika mbele yake, mkono ukakataa kunyooka. Nilisimama pale mpaka Theresia akaja akanipokea.

Jana ndiyo kikao. Watu walivuka hadi kutoka ng'ambo ya Msumbiji. Mzee Erasto, aliyeongoza kikao, akaniita, "Mama Aida, binti yuko wapi?" Maneno ya kukusemea nilikuwa nayo tayari, nimeyapanga tangu alfajiri. Nikasimama, nikasema, "Aida haji. Hajasamehe, na asiulizwe tena. Na mimi mama mtu sijasamehe. Niliwadanganya, kwa sababu sina ndugu mwingine nikaogopa kubaki peke yangu."

Mzee Erasto akaanza kunikemea. Constantino akamwambia, "Mwache." Akainuka. Hakuniangalia. Akasema, "Nilisikia. Waliniita wote wawili. Niligeuka, nikawaona, nikapiga kafi."

Halafu akasema kwamba tangu siku ile sisi wenyewe tulikuwa tunamwambia, "Hukusikia, Constantino," naye anaitikia. Ni kweli. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumwambia. Kila mtu alikuwa na haraka ya kumsafisha, hakuna aliyekaa akamuuliza.

Kiti hakukikalia. Amehamia kibandani shambani, chakula anapelekewa na Theresia, na sasa sijifichi tena kwamba si mimi. Nimemlilia mwanangu jana kama siku ile ndiyo kwanza nimeambiwa. Wanawake walinishika, na hakuna aliyeninyamazisha.

Uliona kweli, mwanangu. Shingo iligeuka. Ulisema kweli tangu siku ya kwanza, na mimi mama yako nikakuita mwenye hofu.

Hapa nilikuwa nimeanza kuandika "nisamehe". Nimelifuta, utaona doa la wino. Sikuombi hilo. Nataka sana kuja Chuno nikuone, lakini sitapanda gari mpaka uniite.

Mama yako