Trei za Mayai Ukutani

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana Jumapili mke wangu anahamia kwa dada yake na mimi kosa langu silioni. Mimi ni seremala, karakana yangu ni chumba cha nyuma cha nyumba yetu, kimepakana na chumba cha kulala, na mwaka jana niliponunua msumeno wa mezani na randa ya umeme mama watoto akalalamikia kelele, sikumbishia, nikaomba trei za mayai kwa jirani mfuga kuku nikazibandika ukuta mzima hadi darini, na Shangazi, zimefanya kazi, mwezi hadi mwezi kelele zinapungua, siku hizi msumeno nausikia kama uko nyumba ya tatu, lakini yeye anasema hakuna kilichobadilika, eti hata vikombe kabatini vinacheza, na juzi nilipomtaka aseme sababu ya kweli akanijibu, "Mume wangu, sina ugomvi na kazi yako, ila nimechoka kupigiwa kelele na mashine, na wewe pia," wakati mimi tangu tuoane sijampandishia sauti hata siku moja, na sasa ameanza kuniongelesha chinichini makusudi ili nimuulize mara mbili mbili. Nampenda, sitaki aondoke. Je, amepata mtu mwingine?

Fundi wa Chumba cha Nyuma

Fundi, pole, lakini leo utanisikiliza. Mkeo hana mtu. Trei za mayai hupunguza mwangwi mle ndani tu, sauti haizijali, inapita zake. Ungesema zimesaidia kidogo siku ya kwanza, ningenyamaza. Lakini kelele zipungue mwezi hadi mwezi na trei ni zile zile? Kinachopungua ni masikio yako. Mkeo haongei chinichini, ni wewe unayepayuka bila kujijua. Barua yako imeniuma, maana nyote wawili mnasema kweli. Ila umenikasirisha pia: mwaka mzima unapima kelele ukiwa umesimama mbele ya mashine, hukuwahi kwenda chumbani ukaweka hata kiganja ukutani?

Sasa fanya hivi. Meza ya msumeno iachane na ukuta, na chini ya miguu yake weka mpira mzito, maana mtikisiko ndio unaochezesha vikombe. Ziba uwazi wa chini ya mlango. Noa meno ya msumeno, yakiwa butu hupiga kelele zaidi. Panga saa za mashine na mkeo, si peke yako. Na usiwashe kitu tena bila vifuniko vya masikio, ukitunze kilichobaki.

Lakini leo, kabla hujagusa ubao, mwombe radhi, kisha mwombe akusindikize hospitali ukapimwe. Usiende peke yako. Daktari ataongea kwa sauti ya kawaida, na utahitaji mtu wa kukurudilia aliyoyasema.