Kilichokuwa Kikimla Hasina

Nguvumali, Tanga
Jumatatu, baada ya adhuhuri

Kwako dada yangu Mwanasiti, tumbo moja, ziwa moja,

Assalaam alaykum, na shikamoo dada, tena shikamoo nyingi, za siku zote ambazo sikukuamkia. Vipi goti, limekubali kusujudu au bado unaswali juu ya kiti? Shemeji Hatibu hajambo? Na ile mihogo ya nyuma ya nyumba, mwaka huu nguruwe pori wamekubakishieni chochote? Huku mimi sijambo, baba Hasina hajambo, na Hasina, lo, dada, Hasina! Ngoja nipumue kwanza.

Najua utashangaa kuona barua. Watu siku hizi wanapigiana simu, huyu anaandika. Lakini wewe simu unaiweka spika, unaishika mbele ya uso kama kioo, na nyumba nzima inaitikia salamu. Haya ni yako peke yako. Vaa miwani usome mwenyewe, usimpe mtu akusomee. Mwandiko wangu unaujua, niliishia darasa la tano, herufi zinapandiana mgongoni, utanivumilia. Nina habari ya furaha na nina neno zito. Nikianza na lile zito nitaichana karatasi, kwa hiyo naanza na furaha.

Hasina amepona. Si kupona kule kwa wiki mbili halafu turudi kulekule, hapana. Huu ni mwezi wa nane tangu aanze kupona. Ana mashavu, dada! Sketi ya shule nimeifumua pindo mara mbili na bado inapanda magotini. Juzi nimemkuta anaruka kamba na watoto wa jirani yangu Benedikta, msichana wa miaka kumi na tano, nikatoka nimgombeze. Nikajikuta nasimama mlangoni namhesabia.

Wewe ulimwona mara ya mwisho miaka mitatu iliyopita. Hujui alikofika baada ya hapo. Mikono kama vijiti vya mishikaki na tumbo mbele, limejaa, limekaza. Kuharisha hakukatiki. Nywele zinabaki kwenye kitana. Nilimpa dawa za minyoo mpaka nadhani minyoo ya Nguvumali yote ilihama. Hospitali wakasema ameba, wakasema taifodi, wakasema damu ndogo. Vidonge vya damu akanywa mpaka meno yakaota weusi, na damu haipandi. Mwaka jana wanawake bombani wakaanza kunong'ona kwamba mtoto wa Hafsa ana mimba. Mtoto ambaye hata kifua hakijaota! Benedikta akaweka ndoo chini akawauliza kama huyo mkunga wao amesomea bomba lipi. Wakachukua ndoo zao, lakini mimi nilirudi ndani nikalia, na nilipomaliza kulia nikaenda kumpikia bokoboko.

Hilo bokoboko nataka ulisikie vizuri. Sisi tumelelewa hivyo, mgonjwa na mzazi wanapewa bokoboko la ngano na nyama wapate nguvu. Basi kila Hasina alipozidi kukonda, mimi nilizidi kusonga. Asubuhi mahamri yangu ya kuuza, na yeye namwekea ya motomoto. Mchana bokoboko. Usiku akikataa wali nampa tambi. Nilikuwa namkalia mbele na kijiko, namwambia hutoki hapa mpaka uimalize. Na yeye kwa kuniogopa anamaliza. Halafu anakwenda chooni, nami nasimama nje ya mlango nasoma dua.

Sasa sikia Mungu alivyotufungulia. Kuna zahanati moja huko Raskazone, mwalimu wake alinisukuma niende. Tukamkuta daktari wa kike, kijana kabisa, anaitwa Praxeda. Nilipomwona nikasema moyoni, huyu si juzi tu alikuwa anaruka kamba naye? Lakini dada, yule binti hakukimbilia kuandika dawa. Alivuta kiti akakaa karibu na Hasina, akamuuliza mambo mengi, mpaka akafika kwenye swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: je, kuna mahali au kuna wakati ambapo huwa unapata nafuu?

Mimi nilinyamaza. Jibu nilikuwa nalo, na nilinyamaza, na sababu yake nitakwambia hukohuko mbele. Hasina ndiye aliyejibu. Akasema kwa mama mkubwa, Mkwaja. Kila likizo nilipokuwa nakwenda, tumbo lilikuwa linashuka.

Daktari akataka kujua kwa mama mkubwa wanakula nini. Basi mtoto akafunguka kama redio. Mihogo ya nazi, wali, kunde, ugali wa mahindi, samaki wa kuchoma, ndizi. Na mkate je? Hasina akacheka, akasema mkate kwa mama mkubwa hauingii, mama mkubwa anasema mtu akila mkate amekula upepo, baada ya saa moja atarudi kuomba chakula. Praxeda naye akacheka. Halafu akaacha kucheka, akanigeukia, akaniuliza kazi yangu ni nini. Nikamwambia mimi ni mama mahamri, mwaka wa ishirini huu.

Akaagiza damu ipelekwe Dar es Salaam. Akanieleza kuna ugonjwa unaitwa siliaki. Si wa kuambukiza, si wa uchafu, mtu anazaliwa na mwelekeo wake. Ndani ya ngano kuna kitu, gluteni, kwetu sisi hakina neno, lakini kwa mwenye siliaki mwili unakiona kama adui, na katika kupigana naye unajiumiza wenyewe. Akasema utumbo ndani una manyoya manyoya kama taulo jipya, hayo ndiyo yanayofyonza chakula. Wa Hasina huenda umenyolewa ukawa kama shuka. Chakula kinateleza kinapita. Ndiyo maana anakula na anakufa njaa.

Nikataka nitoke hapo nikamwage unga wote. Akanishika mkono. Akasema mama Hasina, usimwachishe ngano bado! Mpaka kipimo cha mwisho kiishe, kile cha mpira wenye kamera, aendelee kula kama kawaida, la sivyo kipimo hakitaona kitu. Dada, wiki sita. Wiki sita naamka alfajiri namkandia mwanangu kitu ambacho sasa najua kinamuumiza. Yeye ndiye aliyekuwa ananituliza mimi! Anachukua hamri, ananiambia mama, hili ni la kuagana nalo, anauma. Baba yake hakuweza kukaa pale, alikuwa anatoka nje na chai yake.

Tukaenda Dar, wakamlaza usingizi, wakaingiza mpira, wakakata vipande vya utumbo, vidogo kama punje ya mchele. Majibu yakarudi: ndiyo. Siliaki. Nikauliza dawa yake ni ipi, nikiwa nimejiandaa kwa sindano, kwa kupasuliwa, kwa lolote. Wakasema dawa yake ni kuacha ngano na shayiri maisha yake yote. Nikauliza, na nini tena? Wakasema basi. Nilipiga kigelegele palepale hospitali, dada, mpaka mlinzi akachungulia. Mimi na mdogo wake Ayubu tukapimwa pia, maana hupita kwenye damu ya ukoo, nasi tukaonekana hatuna.

Usidhani ilikuwa rahisi. Mwezi wa kwanza bado aliumwa, nami nikaanza kukata tamaa, kumbe mimi mwenyewe! Nilimpikia vitumbua vya mchele mtupu, halafu nikavichoma mafuta yaleyale ya mahamri. Chekecheo lilelile, mwiko uleule, na unga umetanda jikoni mpaka juu ya kifuniko cha maji. Praxeda aliponieleza kwamba hata chembe inatosha kumrudisha nyuma, nilirudi nyumbani nikakaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, nikautazama ule mtungi wa unga. Miaka ishirini. Asubuhi yake sikukanda.

Wateja waliniandama! Mmoja akaniuliza kama nimepewa talaka na ngano. Mzee Mwinyijuma ambaye hununua manne kila siku alikaa barazani kwangu kama aliyefiwa. Nikamwekea kitumbua cha moto, nikamwambia onja ndipo ulie. Sasa ananunua sita. Nachoma vitumbua, namimina mkate wa sinia wa mchele na nazi, na Ijumaa natengeneza mkate wa mofa wa mtama mtupu, mtama nausaga mwenyewe. Watu wanatoka mpaka Raskazone na bajaji kuufuata. Baba Hasina ndiye wa kumwonea huruma. Chapati zake anakwenda kuzila huko mtaa wa pili, anarudi amejipangusa mdomo kama mtu mwenye mke wa siri. Namuuliza hajambo bi mdogo?

Na Hasina mwenyewe amekuwa mwanasheria. Arusini anaingia na kikontena chake. Wakimwambia anaringa, anajibu kwamba anaringia utumbo wake, ndio wa pekee alio nao. Sambusa hagusi, na mchuzi anauliza umetiwa nini ndipo auguse. Benedikta Krismasi alikaanga kuku wake kwenye mafuta mapya, kabla ya maandazi, ndipo akamwita Hasina achague kipande. Hatukosi kitu, dada. Mimi niliyedhani mtoto anahukumiwa kifungo, naona ana pwani nzima ya kula.

Sasa sogea. Jumatano iliyopita Hasina hakwenda shule. Alijifungia chumbani, nikabisha, akaniambia haumwi. Nikamuuliza sasa nini? Akasema kwa sauti ndogo kwamba kuna neno anataka kumwambia mama mkubwa, yeye peke yake.

Nikajua. Wallahi nilijua, nikakaa chini hapo mlangoni. Wenzake wote walikwishavunja ungo, yeye mwili wake ulikuwa haujapata hata cha kujilisha. Praxeda aliniambia tusubiri, mwili ukishiba utakumbuka kazi yake. Umekumbuka, dada! Mwanetu ni mwari!

Na mtoto ana adabu yake, kwa desturi yetu mama hamfundi mwanawe, na mwari hamwambii mamaye. Anataka somo wa kumfunda, na amekuchagua wewe. Mimi sikumtia neno mdomoni. Lakini siwezi kukuita uje umfunde mwanangu nikiwa nimeficha hili nililolificha. Basi nalisema.

Miaka mitatu iliyopita nilikwambia shule imezuia watoto kusafiri likizo. Uongo. Mwaka uliofuata nikakwambia daktari amekataza safari. Uongo. Mara ile ulipokuja mwenyewe na kikapu cha kunde ukakuta mlango umefungwa, tulikuwa ndani. Nilimziba Hasina mdomo kwa kiganja.

Nilikwenda kwa mpiga ramli, dada. Nilimweleza kwamba mtoto akiwa kwa dada yangu ananenepa, akirudi kwangu ananyauka. Akaniambia mtoto amefungwa huko anakonenepea, na anayemla ni yule anayempenda zaidi, kwa kuwa hana wake. Nami nikaamini. Wewe uliyenibeba mgongoni, uliyezika watoto wawili na kunipa mimi kanga zao nimvalishe wangu, nikaamini kwamba unamla Hasina. Ndiyo maana nilinyamaza kwa Praxeda. Nilidhani nikitaja Mkwaja nitakuwa nakutaja wewe mchawi mbele ya mgeni.

Na wewe ndiwe uliyekuwa unamponya. Ningemwacha kwako, au ningekuuliza tu, dada, unampa nini huyu mtoto, angepona akiwa na miaka kumi na miwili. Mimi ndimi niliyekuwa namla, kwa kijiko, na kwa mapenzi. Hilo Mungu atanisamehe kwa kuwa sikujua. Lakini la kwako nililifanya kwa akili zangu timamu, na mwenye kusamehe ni wewe.

Sikuombi unijibu haraka. Ukiona huwezi kuniangalia usoni, njoo kwa ajili yake, mimi nitahamia kwa Benedikta siku zote saba za kufundwa kwake, chakula nitaleta mpaka mlangoni. Ukiona hata hilo ni zito, nitamleta mwenyewe Mkwaja, nitamwacha njiapanda na begi lake, sitakanyaga uwanja wako mpaka uniite. Yeye hana kosa.

Hasina hajui nilichokudhania. Anajua tu kwamba mama alikuwa na hofu. Kwa kuwa mambo ya wanawake atayasikia kwa somo wake na si kwangu, hili nalo nakuachia wewe. Ukitaka kumwambia, mwambie. Ukitaka life, lizike. Sitakuuliza kamwe ulichagua lipi.

Baba Hasina anakuamkia, Ayubu shikamoo. Benedikta, ambaye hujamwona, anakusalimia kana kwamba mmekua pamoja. Barua anaileta Jumbe, kondakta wa basi la Mkwaja, nimemwambia aiweke mkononi mwako, si kwa mwingine. Hasina ameniona naandika, hajauliza, lakini amekwishatoa kanga zake kabatini anazikunja, anazikunjua.

Niwie radhi, dada yangu.

Mimi mdogo wako,
Hafsa